Nyuki wangu walihama wakati wa ukame na mvua iliporudi hawakurejea: walikwenda wapi?

Mfugaji wa Tseikuru aliuliza:

Ndugu wafugaji wa nyuki, na nyote mnaofuatilia maisha ya wadudu, nawasalimu. Ninaishi upande wa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ambako mizinga ya magogo ya marehemu baba yangu imetundikwa kwenye mibuyu na migunga tangu kabla sijazaliwa. Mimi niliongeza mizinga ya Langstroth, ile ya kisasa ya masanduku yenye fremu, nikaipanga juu ya vigingi kwenye uwanja wazi nyuma ya shamba, kwa sababu hapo ilikuwa rahisi kuifikia na kuikagua. Kufikia Septemba 2020 nilikuwa na mizinga 36, na 29 kati yake ilikuwa na nyuki.

Yaliyofuata mnayajua. Vuli ya 2020 ilikuwa haba, masika ya 2021 yakawa hivyo hivyo, na hali ikaendelea hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Huku kwetu vuli ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi, kwa hiyo kukosa vuli tatu ni sawa na kukosa miaka mitatu mizima. Mizinga ilianza kuhamwa mmoja baada ya mwingine, na nilipoifungua sikukuta hali moja. Mingine ilikuwa na masega makavu na safi, kama nyumba iliyofagiliwa kabla ya wenyewe kufunga safari, wala hapakuwa na nyuki mfu hata mmoja. Mingine ilikuwa na lundo la nyuki waliokufa sakafuni, na wengine wamefia kwenye masega, vichwa vikiwa ndani ya vitundu. Katika miwili ya Langstroth, mwezi wa Februari 2022, masega yaliporomoka kutoka kwenye fremu yakalaliana chini, na asali kidogo iliyokuwamo ikavuja hadi nje. Mizinga ya magogo iliyokuwa mibuyuni ilidumu kuliko yote, ingawa ni mikuukuu na baadhi imepasuka. Desemba 2022 nilihesabu minne tu yenye nyuki.

Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño. Mito yetu ya mchanga ilifurika, majani yakarudi, maua yakachanua, nami nikaamini kwamba makundi yatarejea. Badala yake, makundi mawili kati ya yale manne yalikufa katika majuma ya mvua, wakati kila kitu kilikuwa kijani. Jambo hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa nilidhani wamekwisha kuokoka.

Ninauliza kwa dhati: nyuki wanaohama katika ukame wa namna hii huenda wapi, na je, huishi? Ni joto lenyewe linalowaua au ni njaa? Kwa nini mvua iue kundi lililovumilia ukame wa miaka mitatu? Nimeshauriwa ninunue mizinga mingine ishirini ya kisasa, lakini kabla ya kutoa fedha nataka kuelewa ni kitu gani hasa kilichopotea.

Mzee wa Manzuki, Sikonge, alijibu:

Mwanangu, pole sana. Mimi nafuga nyuki katika misitu ya miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, kwa zaidi ya miaka 40, na umefanya jambo la maana kutueleza ulichokikuta ndani ya kila mzinga, kwa sababu mzinga mtupu husema jinsi ulivyohamwa. Hiyo mizinga yako haikupata msiba mmoja. Ilipata mitatu tofauti.

Ile yenye masega safi bila maiti ni ya makundi yaliyohama kwa hiari yao. Nyuki wetu wa Afrika hawakai na njaa mpaka mwisho kama wale wa nchi za baridi, ambao hawana pa kwenda theluji ikianguka. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, na chavua, yaani unga wake, vikipungua, malkia hupunguza kutaga, kisha huacha kabisa. Nyuki husubiri majana yaliyofunikwa, yaani watoto wao walio vitunduni, yatoke, hujaza asali iliyobaki matumboni, na siku moja jua likiwa limepanda kidogo kundi zima huondoka. Kwa kuwa kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, huchukua karibu majuma matatu tangu yai hadi kutoka kwenye kitundu, safari hiyo huwa imekwisha kuamuliwa muda mrefu kabla hujaiona. Ukifungua mzinga ukakuta majana yaliyofunikwa lakini hakuna yai wala buu mdogo, na nyuki wenyewe ni wengi na wazima, ujue wanafunga mizigo.

Ile yenye nyuki waliofia vitunduni vichwa vikiwa ndani ni ya njaa. Hao walikuwa wakilamba matone ya mwisho. Kwa kawaida hutokea kundi linapokuwa dogo mno, au linapochelewa mpaka halina tena asali ya kuwatosha njiani, kwa maana kundi linalohama halibebi chakula kingine ila kile kilichomo tumboni, nacho ni cha siku chache tu.

Ile miwili ambayo masega yaliporomoka iliuawa na joto. Nta huyeyuka kabisa ikifika nyuzijoto 62 hadi 64, lakini haihitaji kufika huko ili iangushe nyumba, kwani huanza kulegea mapema zaidi, na sega lililobeba uzito wa asali au majana hukatika likiwa bado halijayeyuka. Mzinga wa mbao nyembamba wenye kifuniko cha bati, uliowekwa juani Februari, maji yakiwa mbali, ni tanuri. Gogo lenye ukuta mnene chini ya kivuli cha mbuyu halipati joto la mchana kwa haraka vile, na ndiyo maana mizinga ya baba yako ilidumu. Usiidharau kwa kuwa ni ya kizamani.

Yapo makundi mengine yanayohama kwa kufukuzwa, na siafu, nyegere, moto au mrinaji mwenye pupa, na hayo huacha asali na majana nyuma. Hukuyataja, kwa hiyo nadhani kwako hayakuwapo.

Sasa, walikwenda wapi. Hufuata maua. Katika nchi yetu ya miombo, miti ya jamii ya Brachystegia huchanua wakati wa kiangazi kikali kabla ya mvua kuanza, na Julbernardia huja baadaye, mvua zinapoelekea mwisho, kwa hiyo kundi linaweza kuhama kutoka ukanda mmoja hadi mwingine na daima kukuta kitu. Kwenye nchi kavu kama yenu hufuata mikuyu na migunga ya kandokando ya mito, au hupanda milimani ambako umande na ukungu hukawiza ukame. Njiani hutua kwenye matawi kwa saa kadhaa au siku kadhaa, wakiwa kundi dogo lenye upole wa ajabu, kisha huendelea. Katika kiangazi cha kawaida mpango huu ni mzuri sana, maana daima kuna mahali mvua imenyesha. Ukame wenu ulikuwa na ubaya wa pekee kwa sababu ulishika eneo zima kwa wakati mmoja, kuanzia kwenu hadi Somalia na kusini mwa Ethiopia. Nyuki aliyehama alikuta kule alikokwenda kuko kama alikotoka.

Nikuulize kuhusu jambo moja ambalo hukuliandika: miti ya kandokando ya Mto Tana na misitu ya Mlima Mumoni iko katika hali gani leo? Jibu lako linaweza kueleza kwa nini hawakurejea.

Kuhusu mvua iliyoua, hilo limenipata hata mimi. Kundi likitoka kwenye ukame huwa halina akiba, na vibarua wake wengi ni wazee. Chavua ya kwanza ikiingia, malkia huanza kutaga kwa wingi, na ndani ya siku chache kuna mabuu maelfu wanaotaka kulishwa. Kisha mvua ikinyesha mchana kutwa kwa siku tano au sita, hakuna anayeruka. Na hata inapokatika kwa saa moja, mbochi katika maua umesombwa au umechanganyika na maji. Kundi hufa njaa likiwa limezungukwa na maua. Zaidi ya hayo, udongo uliolowa humfaa sana yule mende mdogo wa mzinga, kwa maana mabuu wake hutoka mzingani na kujifukia ardhini ili wageuke, na ardhi ngumu ya ukame huwanyima nafasi hiyo. Mvua kubwa humfungulia mlango wakati ule ule nyuki wakiwa wachache wa kumzuia.

Mtafiti wa Wadudu, Morogoro, alijibu:

Shikamoo Mzee. Maelezo yako ya kutambua mzinga uliohamwa ningependa wanafunzi wangu wayasome. Naongeza upande wa joto, kisha niwatoe kidogo kwenye nyuki, kwa sababu wadudu wengine wanatuonyesha jambo lile lile kwa uwazi zaidi.

Majana ya nyuki hukua vizuri katika nyuzijoto 33 hadi 36. Kiwango hicho ni chembamba sana, na nyuki hukilinda kwa kazi ya mikono, tukisema hivyo: wengine hutoka nje na kuning'inia mlangoni ili kupunguza joto la miili ndani, wengine hupepea kwa mabawa, na wengine huleta maji na kuyatandaza juu ya vitundu yakauke na kupoza. Martin Lindauer, mtaalamu Mjerumani wa tabia za nyuki, aliwahi kuweka mzinga juani juu ya miamba ya volkano kusini mwa Italia, mahali palipofika nyuzijoto 70, na nyuki wakaweza kulizuia joto la ndani lisizidi 35 au zaidi kidogo, mradi waliruhusiwa kuchota maji. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha swali la ndugu yetu wa Tseikuru. Nyuki mmoja akibeba kwa wingi miligramu 50 za maji, lita moja huhitaji safari 20,000. Maji yakiwa mita 200 kutoka mzingani, kazi hiyo inawezekana. Yakiwa kilomita tatu, vibarua humalizika wakichota maji badala ya kutafuta chakula, na njaa huingia kupitia mlango wa kiu. Kwa hiyo swali la kuwa ni joto au ni njaa, kwa maoni yangu, halina jibu la upande mmoja: joto hugeuka kuwa njaa pale maji yanapokuwa mbali.

Joto lina madhara mengine yasiyoonekana. Malkia huhifadhi mbegu za madume aliojamiiana nao mwanzoni mwa maisha yake, na hutumia akiba hiyo hiyo mpaka mwisho. Akikaa saa kadhaa katika joto linalozidi nyuzijoto 38 hadi 40, sehemu ya mbegu hizo hufa, na kundi linaweza kuonekana limepona huku malkia akiwa hawezi tena kutaga mayai ya kutosha ya vibarua. Madume nao ni dhaifu kwa joto kuliko vibarua. Sitashangaa kama moja ya makundi yako mawili yaliyokufa katika mvua lilikuwa limebeba dosari ya namna hiyo tangu Februari.

Sasa tuwaangalie wengine. Mbung'o hawana mzinga wala uwezo wa kupoza nyumba. Joto likipita nyuzijoto 32 hivi, hukimbilia mashimo ya muhanga na matundu ya miti, na kusubiri humo jioni ifike. Kituo cha utafiti cha Rekomitjie, katika hifadhi ya Mana Pools nchini Zimbabwe, kimekuwa kikihesabu mbung'o kwa miongo mingi, na idadi yao imeshuka sana tangu miaka ya 1990 kadiri miezi ya joto kali ilivyozidi kuwa mikali. Mapango madogo hayo yalitosha kwa joto la zamani. Kwa joto la sasa hayatoshi, kwa kuwa hata ardhi walimofukiwa mabuu inapata joto linalomaliza mafuta yao kabla hawajatoka wakiwa wazima. Sisi hatumsikitikii mbung'o, lakini somo lake linamhusu kila mdudu anayetegemea kivuli kidogo.

Wapo wanaofanya kinyume, yaani wanaosubiri badala ya kukimbia. Mbu fulani wa jamii ya Aedes hutaga katika udongo wa mabonde ya nyasi, na mayai yao hukaa makavu kwa miaka hadi mafuriko yatakapofunika bonde lote. Ndiyo sababu Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu, ilizuka katika Kenya, Somalia na Tanzania baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007. Yupo pia usubi mmoja, Polypedilum vanderplanki, ambaye buu wake huishi katika vidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria na kwingineko Afrika. Kidimbwi kikikauka, naye hukauka karibu maji yote mwilini, akibaki na sukari inayozilinda seli zake, na akimwagiwa maji baada ya miaka huamka na kuanza kula.

Na wapo ambao hali mbaya kwetu ni neema kwao. Vimbunga Mekunu, Mei 2018, na Luban, Oktoba mwaka huo huo, vilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali huko Uarabuni, mahali ambapo kwa kawaida mchanga huwa mkavu mno kwa mayai ya nzige. Mchanga ulilowa, majani yakaota, nzige wakazaliana vizazi vitatu bila kuonekana na mtu, kisha wakatawanyika kupitia Yemen na Pembe ya Afrika hadi wakaingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019. Kwa hiyo nzige alipata makazi muda mfupi tu kabla nyuki hajaanza kuyapoteza. Tofauti iko katika kile ambacho kila mmoja anakihitaji: nzige alihitaji miezi michache ya mchanga mbichi, nyuki anahitaji mti uliokaa miaka mingi, wenye tundu, kivuli na maua, tena karibu na maji.

Viwavijeshi nao hufuata mvua ya kwanza baada ya ukame, na nikianza habari zao nitatoka nje ya swali.

Mfugaji wa Nyuki Wadogo, Gazi, alijibu:

Naomba niseme kuhusu Pwani, kwa kuwa hapa Kwale tunafuga nyuki wa kawaida na pia nyuki wasiouma, wale wadogo ambao wengi huwachukulia kama inzi.

Nyuki wasiouma hawahami. Malkia wao akishakomaa tumbo huvimba kwa mayai asiweze kuruka tena, kwa hiyo kundi haliwezi kuondoka naye. Kinachoruka kwenda kuanzisha nyumba mpya ni malkia kijana pamoja na baadhi ya vibarua, na hata hao huendelea kwa muda kuchota nta, utomvu na asali kutoka nyumba ya mama, kwa hiyo makazi mapya sharti yawe karibu. Mti wao ukikatwa au ukiungua, kundi limekwisha. Ukame ukija, hupunguza kuzaa, huziba nyufa na kuishi kwa akiba, na hufaulu mradi shina walimo ni nene. Tulijifunza hili kwa uchungu tulipowahamisha kutoka magogoni hadi vijisanduku vya mbao nyembamba. Sanduku lililobaki juani mchana mmoja wa kaskazi lilipoteza majana yake yote. Sasa tunatumia mbao nene zaidi na kuyaweka chini ya mwembe.

Kuhusu nyuki wa kawaida, msitu wetu wa kukimbilia ni mikoko. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, huwapa mbochi na asali yake ni nyepesi yenye chumvi kidogo, na kwa kuwa mizizi yake inalowa kila bamvua, haitegemei mvua ya mwezi huu kama inavyoitegemea migunga. Bara kukikauka, pwani bado kuna maua. Lakini hata kimbilio hili si la milele. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha tope jingi katika Mto Mwache, karibu na Mombasa, tope likaifunika mizizi inayopumua ya mikoko, na sehemu kubwa ya msitu wa hori ile ikafa. Tope hilo lilitoka kwenye mashamba ya juu yaliyokosa miti. Nyuki wa Mwache hawakuguswa na mafuriko yenyewe, ila walinyang'anywa mahali pa kwenda katika ukame wowote uliofuata. Nadhani ndugu wa Tseikuru naye ahesabu hasara kwa namna hiyo, pamoja na kuhesabu mizinga.

Mfugaji wa Tseikuru aliandika tena:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote watatu. Nimesoma majibu haya mara mbili, kisha nikaenda kuangalia.

Mzee uliuliza kuhusu Mto Tana na Mumoni. Mlimani miti ipo, ingawa imepungua kwenye miteremko ya chini. Kandokando ya vijito vinavyoelekea Tana, migunga mikubwa imekatwa kwa makaa katika miaka ile ile ya ukame, kwa sababu watu walipokosa mazao na mifugo kufa hawakuwa na kitu kingine cha kuuza. Siwezi kuwalaumu, na mimi mwenyewe niliuza migunga miwili mwaka 2021. Mmoja wao ulikuwa na tundu la nyuki wa porini.

Kuhusu maji, nimepima kwa hatua. Kutoka mizinga ya Langstroth hadi kisima cha mchangani kilicho karibu zaidi ni kilomita mbili na nusu, na wakati wa ukame kisima kilichimbwa kwa kina ambacho nyuki angezama kabla ya kunywa. Kutoka mibuyu ya baba hadi bwawa la mchanga, yaani ukuta unaozuia mchanga na maji mtoni, lililojengwa na kikundi cha kijiji ni kama mita 400, na pale unyevu hubaki juu ya mchanga kwa miezi mingi baada ya mvua. Sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja.

Nina maswali mawili ya mwisho. Je, nikiweka maji katika manzuki, hapo penye mizinga, niyaweke lini na kwa namna gani? Na ile mizinga mitupu, niisogeze sasa au ningoje nyuki waonekane?

Mzee wa Manzuki, Sikonge, alijibu:

Marahaba, mwanangu. Maji yawekwe mapema, mara mvua zinapokwisha, wakati nyuki bado wana vyanzo vingine, kwa sababu kundi hujifunza mahali pa kuchota na hukawia kubadilisha njia. Ukianza Februari wakati wanateseka, wengi hawatayagundua. Tumia hori au debe lililokatwa, lijaze mawe na vijiti hadi vichomoze juu ya maji ili mnywaji apate pa kusimama, uliweke kivulini hatua kama 50 kutoka mizingani ili usiwatibue nyuki kila unapokwenda kujaza. Kisha usiliache likauke hata siku tatu. Chombo kinachokauka kila baada ya wiki ni kibaya kuliko kutokuwa na chombo, maana kinawafundisha nyuki kutegemea kitu ambacho hakipo.

Mizinga isogeze sasa. Iliyo mitupu haina wa kumsumbua. Ishushe yote, toa masega ya zamani kabla nondo wa nta hawajayamaliza, maana katika joto lenu sega lisilolindwa huwa utando na kinyesi ndani ya majuma machache; yayeyushe upate nta, na kiasi cha nta hiyo hiyo uipake ndani ya mizinga iliyosafishwa. Yenye kuta nyembamba iongezee paa la nyasi juu ya bati, na uiache nafasi ya upepo kupita katikati ya bati na nyasi. Itundike kati ya mibuyu na bwawa la mchanga, milango isielekee magharibi kwenye jua la alasiri. Fanya hivyo kabla migunga haijachanua kwa ajili ya vuli, kwa sababu makundi yanayorudi huja na maua ya kwanza, na wapelelezi huchagua nyumba siku kadhaa kabla kundi halijatua.

Hiyo mizinga mipya ishirini usiinunue mwaka huu. Una mizinga 34 isiyo na nyuki, kwa hiyo upungufu wako si wa nyumba. Fedha hizo, kama ningekuwa mimi, ningezitumia kumlipa jirani ili aiache ile migunga iliyobaki kijitoni, na ningepanda mikwaju na migunga ya kwetu kando ya bwawa, hata kama nitaingoja miaka saba. Yale makundi mawili uliyobaki nayo usiyarine msimu huu hata yakijaa. Yaache na asali yote mpaka mvua za mfululizo zipite, ukague kama malkia anataga mayai kwa mpangilio mzuri bila vitundu vingi vilivyorukwa katikati, na kama hatagi vizuri, utuandikie hapa tukueleze namna ya kuwasaidia walee malkia mwingine.